Santuri Yenye Mapengo

Siku Asmani Uledi alipoondoka, Zuwena alikuwa ufukoni akianika ndagala. Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa tano, mwaka 1972. Kunguru walikuwa wakali kuliko kawaida, kwa sababu wavuvi wengi hawakuwa wametoka ziwani na samaki walikuwa wachache. Asmani alikuja amevaa koti lake la Idi, lile la kahawia, akasimama pembeni ya mchanga ili asikanyage samaki wa watu.

"Tumeitwa kwenye mkutano," alisema. "Wanaume wote wa mtaa."

"Na koti la nini?"

"Wamesema tuvae vizuri."

Zuwena akamwambia akirudi apitie dukani achukue chumvi. Asmani akasema sawa. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho. Wake wengine wa Rumonge walipata maneno mazuri zaidi ya kuagana na waume zao, au waliyatunga baadaye. Zuwena alibaki na chumvi.

Malori yalikuwa yameegeshwa nyuma ya soko tangu asubuhi. Yaliondoka adhuhuri yakiwa yamejaa, yakarudi jioni yakiwa matupu na yameoshwa. Dereva mmoja, ambaye mama yake alikuwa anauza mihogo karibu na kisima, aliulizwa alikuwa amebeba nini. Akasema alibeba mawe ya barabara. Hakuna aliyemuuliza barabara gani. Tangu siku ile mama yake akawa anauza mihogo kwa nusu bei, na watu hawakuinunua.

Asmani alikuwa fundi baiskeli. Banda lake lilikuwa kando ya njia ya msikitini, na gitaa lake lilining'inia kwenye msumari mmoja pamoja na mipira ya ndani iliyotoboka. Nyuzi zikikatika, na zilikatika mara nyingi, aliweka waya mwembamba aliouchambua kutoka kwenye kebo ya breki. Ndiyo maana gitaa lake lilikuwa na sauti kama ya baiskeli inayoteremka mlima. Alitunga mwenyewe nyimbo zake zote, mara nyingi akiwa amelala chali chini ya baiskeli ya mtu.

Watu wa Rumonge walimjua kwa sababu ya siku ya Uhuru. Mwaka 1962, mwezi wa saba, bendera mpya ilipopandishwa kwenye uwanja wa mpira, hotuba zilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Asmani akapanda juu ya pipa la mawese, akaimba, "Nipokeeni." Uwanja mzima ukaitikia, "Tumekupokea." Waliitikia watu wa mjini, watu waliokuwa wameteremka kutoka milimani, masista na polisi. Karani mmoja kijana, ambaye kazi yake ilikuwa kushika maikrofoni, aliitikia kwa nguvu mpaka maikrofoni ikapiga kelele na watu wakacheka. Karani yule alipanda cheo. Mwaka 1972 yeye ndiye alikuwa bwana mkubwa wa ofisi ya serikali pale mjini.

Miaka miwili kabla ya lile koti la kahawia, Asmani aliamua kutoa santuri yake mwenyewe. Hakukuwa na kampuni iliyomtaka. Bujumbura kulikuwa na Mgiriki mwenye duka aliyemiliki mashine ya kurekodi, akamruhusu aimbe ghalani, katikati ya magunia ya mchele. Walipofika kwenye sehemu ya kuitikia, Mgiriki akasimamisha mashine.

"Hapo imba wewe mwenyewe mara ya pili," alisema. "Mimi nitachanganya."

"Siwezi kujiitikia," Asmani akasema.

"Kwa nini? Sauti unayo."

"Mtu habishi hodi halafu akajikaribisha."

Katika mwambao ule wa ziwa mwimbaji hajiitikii. Anayeanza wimbo anawaachia wengine nafasi yao, na nafasi ile si yake hata akiwa peke yake njiani. Kwa hiyo Asmani aliimba mstari wake, kisha akanyamaza muda ule ambao watu wangeuchukua kumjibu, huku akipiga mguu sakafuni taratibu, kisha akaendelea. Alifanya hivyo katika nyimbo zote.

Mkanda ulipelekwa Nairobi, ukarudi kwa Mgiriki, na santuri zikaja ndani ya sanduku bila mifuko. Zuwena ndiye aliyetengeneza mifuko. Alikata karatasi za saruji, akazigundisha kwa uji wa muhogo, na juu yake akaandika kwa mkono: NIPOKEENI, Asmani Uledi, sauti na gitaa. Vidole vyake vilibaki na vumbi la saruji hadi Ramadhani.

Bujumbura santuri haikupendwa. Wenye baa waliirudisha. "Iko inanyamaza katikati," walisema. "Wateja wanafikiri betri zimekufa." Asmani hakuudhika. Alisema wale hawajui kuimba, wamezoea kuimbiwa. Rumonge hakuna aliyelalamika. Mtu akiipiga santuri nyumbani kwake, familia nzima ilijaza mapengo huku ikichambua maharage, kisha kila mtu akaenda na shughuli zake.

Baada ya malori, watu waliacha kujaza mapengo. Zile santuri zilizorudishwa na wenye baa zilikaa chini ya kitanda cha Zuwena, na yeye alilala juu yake.

Mwezi ulipoandama bila habari yoyote, Zuwena alikwenda kwa Shehe Abdul, akamkuta anashona kiatu.

"Shehe, nataka kukaa eda."

"Nani amemwona amekufa?"

"Hakuna."

"Ofisini umeuliza?"

"Wanasema Rumonge hakuna aliyekufa. Wanasema wametoroka, wako ng'ambo."

Shehe Abdul aliweka sindano chini. Mdogo wake naye alikuwa ameitwa kwenye mkutano.

"Mama Mwamini," alisema, "mimi najua na wewe unajua. Lakini kujua kwetu sio ushahidi. Mume asiyejulikana alipo, mkewe bado ni mke wa mtu. Niletee ushahidi, wa mdomo au wa maandishi. Nitakukalisha siku hiyo hiyo."

Jirani yake Batuli, mke wa Maneno, alimcheka. Maneno naye alikuwa amekwenda mkutanoni, lakini Batuli alikuwa mtu wa kucheka hata akiwa na njaa.

"Eda unaikimbilia ya nini, wee? Una mchumba kule Gatete?"

"Nataka kukaa tu."

"Si ukae! Nani amekunyang'anya mkeka?"

Zuwena hakujua namna ya kumweleza. Mwanamke aliye eda akiamka asubuhi anajua afanye nini. Watu wanajua wamsalimu vipi. Wanaingia kwa sauti ya chini, wanamletea maji, na baada ya miezi minne na siku kumi wanamwogesha, wanamtoa nje, na jambo linakuwa limekwisha, kama si moyoni basi katika mtaa. Yeye kila alipoamka ilikuwa bado ile Jumatano. Alikuwa amekwisha nunua shuka nyeupe kwa ajili hiyo. Aliiweka sandukuni pamoja na karafuu ili nondo wasiile.

Mwezi wa saba Batuli alikuja na betri alizokuwa amezianika juani ili zipate nguvu kidogo. Alisema amechoka na redio, inasoma matangazo tu. Zuwena akatoa pikapu ya Asmani ya kupigia santuri, akaiweka juu ya kinu uani, na santuri ikaanza. Asmani akaimba, "Nipokeeni." Mguu ukapiga sakafuni. Katika pengo, sauti moja ya mwanamume ikajibu, "Tumekupokea." Ilichelewa kidogo.

"Huyo Maneno," Batuli akasema.

"Kachelewa," Zuwena akasema.

"Kawaida yake."

Ilikuwa kawaida yake kweli. Hata msikitini amina ya Maneno ilikuja wakati wengine wamekwisha nyamaza, na watoto waliingoja kwa hamu. Wanawake wale wawili waliisikiliza santuri mpaka mwisho. Katika kila pengo Maneno alijibu, na kila mara alichelewa. Batuli akaenda kuepua maharage yake yasiungue, akarudi, akaomba ipigwe tena.

Juma lililofuata kulikuwa na sauti ya pili. Ilikuwa nyembamba na safi, ya mtu aliyefundishwa kuimba kanisani. Vestine, mke wa mwalimu Jean-Pierre, aliitwa kutoka upande wa pili wa soko. Alisimama mlangoni bila kuvua viatu, akasikiliza, akasema, "Eego, ndiyo. Ni yeye," kisha akavua viatu, akaketi. Baadaye kwenye santuri akaja Lukeba, mwuza nyama, kwa sauti yake nene iliyokwaruza kama mlango wa bati. Baada ya hapo hakuna aliyeshangazwa na sauti mpya. Zilikuja kama wageni wanavyokuja kwenye shughuli, mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Ikawa hivyo kwenye kila nakala, kwa yeyote aliyekuwa nayo, hata zile zilizokuwa chini ya kitanda.

Wanawake walianza kuja kwa Zuwena alasiri. Waislamu walikuja Ijumaa baada ya sala, Wakristo Jumapili baada ya misa, na watu wa Gatete na wa milimani siku ya soko, wakiwa wamebeba vikapu vyao. Kwa kawaida anayetembelea nyumba yenye msiba huleta sukari. Hawa walileta betri. Walikaa kwenye mkeka, na aliyetambua mtu wake alisema, "Wangu huyo," na wengine walisogea ili akae karibu na pikapu. Aliyeondoka bila kutambua mtu aliambiwa arudi juma lijalo, kwa kuwa bado walikuwa wanaingia.

Sauti zile hazikusema lolote nje ya wimbo. Vestine alimweleza mumewe kuhusu paa linalovuja na shule iliyofungwa. Alingoja. Jean-Pierre akajibu pale wimbo ulipotaka, "Tumekupokea," na Vestine akatikisa kichwa, kana kwamba hayo ndiyo waliyozoea kuongea jioni.

Askari walikuja siku moja kuchukua ile pikapu. Mmoja wao aliketi kwenye kinu, akaisikiliza santuri upande wa kwanza wote, akageuza mwenyewe upande wa pili. Kisha akawaambia wenzake kuwa ni kwaya ya dini. Waliondoka na kuku.

Hatimaye Shehe Abdul naye alikuja. Alikaa mikono yake ikiwa magotini. Katika wimbo wa tatu alimsikia mdogo wake, akainamisha kichwa, akabaki hivyo hadi sindano ilipofika katikati na kuanza kukwaruza. Kisha akatoa hukumu, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliitoa kwa utaratibu.

"Santuri hii ilitoka kiwandani ikiwa na mtu mmoja," alisema. "Sisi sote tuliisikia. Aliyeingia baadaye hakuingia kutoka sokoni wala kutoka Kigoma. Amekwenda mahali ambapo mtu akienda harudi, na ametufahamisha. Huo ni ushahidi wa mdomo. Wake zao wakae eda."

"Alhamdulillahi," Batuli akasema, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

"Na mimi?" Zuwena akauliza.

Shehe alimgeukia. Alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu njiani, ilionekana wazi.

"Asmani alikuwamo tangu mwanzo, Mama Mwamini. Alikuwamo akiwa hai, anakula, anaziba mipira ya baiskeli. Sauti yake ni ile ile ya siku zile. Haituambii kitu."

"Lakini wanamwambia wamempokea. Huko waliko, wamempokea."

"Wanaitikia wimbo," Shehe akasema. "Wimbo ndivyo ulivyo. Hata mimi niliitikia hivyo uwanjani, siku ya Uhuru, naye alikuwa mbele yangu juu ya pipa."

Zuwena akaenda kufungua sanduku. Akamwazima Batuli ile shuka nyeupe, kwa sababu Batuli hakuwa nayo.

Mwaka ule wanawake wengi wa mtaa walikaa eda. Zuwena aliwachotea maji, aliwapikia uji. Miezi yao ilipotimia aliwatwangia liwa ya kujipaka, akawaogesha na kuwatoa nje. Walitembea wakiwa wamepungua lakini wametulia, wakarudi sokoni, wakaanza kugombania bei. Ile shuka ilipita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, na kila iliporudi Zuwena aliifua na kuirudisha sandukuni. Kila Ijumaa aliisikiliza santuri kwa makini kuliko wote. Alitafuta mahali ambapo sauti ya mumewe ingekuwa imebadilika japo kidogo, kikohozi kipya, pumzi moja ya zaidi. Haikubadilika. Asmani aliimba kama mtu aliyekula vizuri mchana.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokuwa karibu kwisha, mzungu mmoja alifika kwa gari lenye matope hadi madirishani. Alikuwa amezaliwa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko.

"Jambo, mama. Miye Roger. Niko natafuta nyumba ya Asmani, mwimbaji."

"Ndiyo hii. Karibu."

Roger alifanya kazi katika kampuni kubwa ya santuri ya Ulaya. Alikuwa ameisikia *Nipokeeni* huko Uvira, kwa watu waliokuwa wamevuka ziwa wakiwa wamebeba godoro na santuri. Aliketi uani, akaomba aisikie tena, na ilipofika kwenye kuitikia akafumba macho.

"Kwaya hii," alisema. "Nimezunguka Kongo yote, sijaisikia kwaya kama hii. Iko wapi?"

"Imo humo," Zuwena akasema.

"Ndiyo, lakini watu wenyewe? Nataka kuwapiga picha."

"Humo humo, bwana."

Batuli, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, akaongeza, "Wa kuchelewa ni mume wangu. Ukimpiga picha atatoka amefumba macho, ndivyo alivyo."

Roger aliutazama ule mfuko wa karatasi ya saruji, mahali palipoandikwa sauti na gitaa tu. Alisema amekwisha pita kwa Mgiriki, na mkanda wenyewe pia ulikuwa na kwaya, ingawa Mgiriki aliapa kwamba alirekodi mtu mmoja na magunia ya mchele. Roger aliandika hayo yote. Hakuonekana kushangaa. Alikuwa amefanya kazi katika nchi hizi muda mrefu.

Alieleza kwamba kampuni inataka kuitoa santuri upya, nzima, bila kubadilisha hata wimbo mmoja, iuzwe Brussels na Paris. Kilichobaki ni kontra, yaani mkataba, na kontra ilihitaji saini ya mwenye nyimbo.

"Hayupo," Zuwena akasema.

"Amekufa?"

Katika ua ule hakuna aliyekuwa amewahi kuuliza hivyo kwa sauti. Batuli aliacha kuchambua mchele.

"Ukiweza kuliandika hilo neno," Zuwena akasema, "mimi nitatia saini."

"Neno gani?"

"Marehemu. Juu ya mfuko wa santuri, mbele ya jina lake. Marehemu Asmani Uledi. Shehe wetu anakubali ushahidi wa maandishi."

Roger alikuwa amejiandaa kwa maombi ya mabati, ya godoro, pengine ya gari. Akasema neno moja si taabu. Akalirudia polepole ili alielewe vizuri, na Zuwena akamsahihisha.

Lakini mkanda haukuweza kutoka nchini bila kibali, kwa hiyo asubuhi iliyofuata walikwenda pamoja ofisini. Bwana mkubwa aliwapokea kwa heshima. Aliagiza soda. Aliisoma kontra huku akiimbia puani, na wimbo aliouimba ulikuwa *Nipokeeni*. Alipofika kwenye lile neno akaacha kuimba.

"Hili silielewi," alisema. "Marehemu ni nani?"

"Mume wangu," Zuwena akasema.

"Amahoro, mama, amani. Amekufia wapi?"

"Aliitwa mkutanoni."

"Kuitwa mkutanoni sio kufa. Mimi niko katika mikutano kila siku." Alitabasamu, akamgeukia Roger. "Asmani ni rafiki yangu. Nimemjua tangu Uhuru, mimi ndiye niliyemshikia maikrofoni. Aliondoka hapa kwa miguu yake. Mtu aliyeondoka kwa miguu yake ofisi inamhesabu kuwa yupo."

"Na kwaya?" Roger akauliza.

"Kwaya nzuri sana. Nao wapo. Nyinyi wenyewe si mnawasikia?"

Akalikata lile neno kwa mstari mmoja ulionyooka, akapiga muhuri. Roger aliangalia viatu vyake. Nje, karibu na gari, akamwambia Zuwena kwa sauti ya chini asiwe na hofu. Mifuko inachapishwa Ulaya, na huyu bwana hafiki Ulaya. Yeye Roger atalirudisha neno mwenyewe, kwa mkono wake. Zuwena akamtazama usoni ili aone kama anasema kweli, akaona anasema kweli. Akatia saini juu ya boneti ya gari.

Baada ya hapo alijiandaa. Alimwita binti yake Mwamini kutoka Kabezi aje akae naye. Aliuza ndagala zake mapema kwa sababu mwanamke wa eda hashindi ufukoni. Alipaka ukuta wa ndani chokaa. Alimwambia Shehe Abdul kwamba ushahidi wa maandishi unakuja kwa meli, na Shehe akasema vema, ataungoja. Wale wanawake aliowachotea maji wakapanga zamu za kumchotea yeye. Batuli alichukua zamu ya kwanza, akasema ni kwa sababu alfajiri kisima kinakuwa hakina foleni, lakini kila mtu alijua si hivyo.

Santuri mpya zilifika mwaka 1974, kabla kidogo ya sherehe za Uhuru, kwa dereva wa basi la Bujumbura. Zilikuwa katika mifuko inayong'aa kama sahani zilizooshwa. Mbele kulikuwa na picha ya ziwa na wavuvi ambao hakuna aliyewatambua. Nyuma kulikuwa na maandishi ya Kifaransa. Zuwena aliwaita Vestine, aliyekuwa amesoma, na Shehe Abdul, aliyevaa kanzu safi. Mkeka ulikuwa umekwisha tandikwa chumbani, na shuka ilikuwa juu yake.

Vestine alisoma kimya kwanza.

"Soma," Zuwena akasema.

"Imeandikwa Asmani Uledi, sauti na gitaa."

"Mbele yake?"

"Mbele yake hakuna kitu."

"Endelea."

Vestine akatafsiri polepole, kidole chake kikifuata mistari. "Asmani Uledi anaishi kwa utulivu kando ya Ziwa Tanganyika, katika mji wa Rumonge, pamoja na marafiki zake wanaosikika katika kwaya. Jioni, baada ya kazi, bado wanakusanyika kuimba."

Akasoma mara ya pili, kwa sababu Shehe alimwomba.

"Kwa hiyo Maneno anarudi saa ngapi leo?" Batuli akauliza. "Nimpikie?"

Dereva wa basi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, alitoa salamu alizopewa na Roger. Kampuni iliuliza ubalozi, ubalozi ukauliza ofisi, ofisi ikajibu, na kampuni haikutaka matatizo. Roger alisema anaomba radhi sana. Alikuwa amehamishiwa kwenye muziki wa Brazil.

Shehe Abdul aliuchukua ule mfuko, akaugeuza, akaupapasa. Ulikuwa mzito na mzuri.

"Nilisema wa mdomo au wa maandishi," alisema. "Sasa maandishi yamekuja, na yanasema yuko hai. Siwezi kukukalisha, Mama Mwamini. Kabla ya hii ningeweza kungoja. Sasa siwezi hata kungoja."

"Naelewa, Shehe."

"Nisamehe."

"Hukuandika wewe."

Wakaipiga ile mpya, kwa kuwa ilikuwa imefika. Ilikuwa safi sana. Mguu wa Asmani sakafuni ulikuwa umeondolewa, na gitaa halikuwa tena na sauti ya baiskeli. Kwaya ilijibu kwa pamoja, kama askari wanavyogeuka. Batuli alisogea karibu na pikapu, akasogea tena, mpaka sikio lake likawa juu ya sindano.

"Simsikii," alisema.

Walirudia. Maneno alikuwamo, ila mafundi wa Ulaya walikuwa wamemsahihisha. Sasa aliitikia pamoja na wenzake, kwa wakati, na hakuna aliyeweza tena kumtenga na wengine. Batuli akasema angalau amejifunza, akaenda kwake. Siku hiyo Zuwena aliikunja shuka, akaukunja na mkeka. Mwamini alirudi Kabezi kwa basi lile lile.

Siku ya Uhuru santuri ilipigwa uwanjani kwa vipaza sauti. Bwana mkubwa alikuwa amepewa nakala na kampuni, akawaambia watu kwamba muziki wa Rumonge sasa unasikika Ulaya. "Nipokeeni," Asmani akaimba kutoka juu ya miti ya vipaza sauti. Watu walisimama kimya wakitazama mbele. Kwaya ikajitosheleza yenyewe. Bwana mkubwa aliimbia puani mpaka wimbo ukaisha, halafu hotuba zikaendelea.

Santuri ile inauzwa vizuri, wanavyosema wasafiri. Zile za zamani bado zinapigwa kwa Zuwena siku za Ijumaa, na wapo wanawake wanaokuja, ingawa si wengi kama mwanzo, na Batuli ndiye anayekaa karibu na pikapu. Ofisini, mfuko wenye picha ya ziwa umebandikwa ukutani. Kwa kuwa umeandikwa kwamba Asmani anaishi Rumonge, jina lake limeingizwa kwenye orodha ya kazi za umma za lazima. Kila Jumamosi asubuhi watu wanasimama kwenye barabara ya Gatete, na msimamizi anaita majina. Akifika kwa Asmani Uledi, Zuwena anaitika, anapewa jembe, na anachimba mtaro mpaka saa tano.